Makaa Yalikwenda, Kifusi Kikabaki



Kampuni inapokuja kufungua kazi mahali, swali la kwanza tunalouliza ni hili: itaandika watu wangapi? Swali hilo ni la haki. Mtu ambaye watoto wake wanalala na njaa hana nafasi ya kuuliza jingine, na sisi si watu wa kudharau kazi, kwani chama hiki kimejengwa na watu waliotafuta kazi na mshahara wa kutosha. Lakini liko swali la pili, nalo mara nyingi huulizwa wakati kampuni imekwisha funga virago. Kazi itakapokwisha, ni nini kitakachobaki, na kitabaki mikononi mwa nani?

Twauliza leo kwa sababu makaa ya mawe ya bonde la Mui, huko Kitui, yamezungumzwa kwa miaka mingi. Visima vya kupimia vimetobolewa, karatasi zimetiwa sahihi, na wenyeji wamekaa wakingoja, wengine kwa matumaini na wengine kwa hofu. Na huko Kwale uchimbaji mkubwa wa mchanga wa titani ulikwisha Desemba 2024, kwa hiyo wako ndugu zetu wanaolijua swali la pili kwa kuliishi, si kwa kulisoma. Tumeona heri tutazame nchi moja ambako makaa yalianza, yakatajirisha watu, kisha yakaisha. Nchi hiyo ni Wales, upande wake wa kusini, katika ufalme wa Uingereza. Habari zake zimeandikwa toka mwanzo hata mwisho, na mwenye macho anaweza kujifunza bila kulipa karo waliyolipa wao.

Mabonde mawili ya Rhondda, mwaka 1851, yalikuwa na watu wasiofika elfu moja, wengi wao wakulima na wachunga kondoo. Mwaka 1911 watu wa mabonde hayo walikuwa zaidi ya 150,000. Kilichowaleta ni makaa. Makaa ya huko yalikuwa na moto mkali na moshi mchache, na meli za moshi, hasa manowari za Kiingereza, ziliyataka kupita mengine yote. Reli zikashuka kutoka kila bonde mpaka bandari za Cardiff na Barry. Katika mwaka 1913 mashimo ya Wales ya Kusini yalitoa karibu tani milioni 57, na watu zaidi ya 230,000 walifanya kazi humo. Makaa hayo yalipelekwa hata Port Said na Aden, vituo ambako meli za njia ya mashariki zilijaza moto wao. Wasomali na Waarabu wa Yemen walioandikwa kutia makaa katika tanuri za meli walifika Cardiff, wakaoa na kukaa huko, na wajukuu wao wapo hata leo. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya mbali yasiyotuhusu.

Na mchimba je, alipata nini katika utajiri huo? Toka mwaka 1875 mshahara wake ulifungwa kamba moja na bei ya makaa. Bei ikipanda, mshahara ulipanda kidogo. Bei ikianguka, mshahara ulianguka nayo. Matajiri waliposhindana wao kwa wao kutafuta wanunuzi waliishusha bei bila kuogopa sana, kwa kuwa walijua hasara itachukuliwa kwanza na mtu aliye chini ya ardhi. Mwaka 1898 wachimba walikaa nje ya mashimo karibu miezi sita wakitaka jambo hilo libadilishwe, wakashindwa. Walirudi kazini na njaa na madeni. Lakini kutokana na kushindwa huko waliona ya kuwa vyama vidogo vidogo vya kila bonde haviwezi kitu, na mwaka ule ule wakaunda chama kimoja cha wachimba wa Wales ya Kusini yote. Miaka michache baadaye kamba ile ya bei na mshahara ilikatwa. Mwaka 1912 wachimba wa Uingereza nzima, karibu milioni moja, waligoma kwa pamoja, na Serikali ikatoa sheria ya kima cha chini cha mshahara katika mashimo ya makaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mshahara unaweza kudaiwa leo au kesho. Roho haidaiwi. Katika kijiji cha Senghenydd kulikuwa na shimo ambalo hewa yake ya kuwaka ililipuka mwaka 1901 na kuua watu 81. Kila mtu alijua basi ya kuwa shimo lile ni la hatari. Sheria ya 1911 ilitaka mashimo yawe na feni kubwa zinazoweza kugeuza mkondo wa hewa, ili moto ukitokea moshi usisukumwe kuelekea kwa watu. Muda wa kufanya kazi hiyo uliongezwa, na ulipokwisha kazi ilikuwa haijafanywa. Asubuhi ya 14 Oktoba 1913 shimo lile lile lililipuka tena. Wachimba 439 walikufa, na mmoja katika waliokwenda kuwaokoa akafa pia. Ziko nyumba zilizopoteza baba na watoto wake wa kiume kwa siku moja.

Mashtaka yalipelekwa kortini. Meneja alitozwa pauni 24 kwa makosa ya kutofuata sheria, na kampuni mwishowe ikatozwa pauni 10. Mwanachama na achukue kalamu afanye hesabu mwenyewe. Pauni 34 ni shilingi 680. Zigawanye kwa watu 439, na haifiki shilingi mbili kwa roho moja. Twaandika hesabu hiyo kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote kwamba sheria iliyo kitabuni tu, bila wafanya kazi wenye nguvu ya kusimamisha kazi wanapoona imevunjwa, ni karatasi.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuwaeleza ndugu hao kama watu wa kuliliwa tu. Mambo mema yaliyobaki Wales kutokana na siku za makaa, mengi yalijengwa na wachimba wenyewe kwa peni zao. Katika mji wa Tredegar, toka mwaka 1890, wafanya kazi wa makaa na chuma walikuwa na chama cha matibabu. Kila mtu alikatwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara. Pauni moja wakati ule ilikuwa peni 240, kwa hiyo ni kama shilingi moja na robo katika shilingi mia. Kwa fedha hizo waliajiri madaktari wao na wauguzi wao, na mgonjwa hakuulizwa mlangoni ana fedha ngapi mfukoni. Mwisho karibu mji mzima ulitibiwa na chama hicho. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika mji huo alizaliwa Aneurin Bevan mwaka 1897, mtoto wa mchimba, naye mwenyewe aliingia shimoni akiwa na miaka 13. Alikuwa mtu wa chama, akakaa katika halmashauri ya hospitali ya mji, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Uingereza. Tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya bure kwa watu wote yalianza katika nchi ile, na yeye ndiye aliyeyasimamia, akiwa na mfano wa Tredegar mbele ya macho yake. Kwa njia hiyo peni tatu za wachimba wa mji mmoja ziliionyesha nchi nzima njia.

Tena walijenga nyumba za mikutano zenye maktaba. Mtu aliyetoka shimoni mweusi kwa vumbi alioga, akala, akaenda kusoma habari za sheria, uchumi na nchi za mbali. Ndiyo sababu walikuwa wagumu kudanganywa. Wala hawakufunga milango yao kwa rangi ya mtu. Paul Robeson, yule mwimbaji mweusi wa Marekani, alikutana na wachimba wa Wales waliokuwa wakiandamana kwa njaa huko London mwaka 1929, na urafiki wao haukuvunjika. Serikali yake ilipomnyima pasipoti, wachimba walimtega sikio kwa simu. Mwaka 1957 aliimba akiwa New York, na maelfu waliokusanyika Porthcawl wakamsikia kupitia waya uliovuka bahari, nao wakamwimbia.

Sasa tutazame kushuka kwake. Manowari zilianza kutumia mafuta mahali pa makaa, na wanunuzi wa nje wakapata makaa kwingine. Mwaka 1926 matajiri walitaka kukata mshahara na kuongeza saa za kazi. Vyama vingine viligoma pamoja na wachimba kwa siku tisa, kisha vikarudi kazini. Wachimba wakabaki peke yao karibu miezi saba mpaka njaa ikawarudisha. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia watu zaidi ya 400,000 waliihama Wales kutafuta riziki. Miji iliyokuwa na kazi ya namna moja tu haikuwa na mahali pa kukimbilia wakati kazi hiyo ilipopungua.

Tarehe 1 Januari 1947 mashimo yalitwaliwa na Serikali, na mbao zikatundikwa kuwatangazia watu ya kuwa sasa yanaendeshwa kwa niaba ya wananchi. Wachimba walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia, maana walilipigania jambo hilo miaka mingi. Lakini hapa pana somo kubwa kuliko yote, nasi twawaomba wanachama walisome polepole.

Kila tani ya makaa hutoka pamoja na mawe na udongo usio na kazi. Takataka hizo zilimwagwa juu ya milima, zikawa vilima vyeusi. Juu ya kijiji cha Aberfan kilima kimoja kilirundikwa juu ya chemchemi. Mwaka 1963 watu wa halmashauri ya mji waliandika barua wakionya juu ya hatari ya kifusi kilicho nyuma ya shule. Barua zilijibiwa, kifusi kikaendelea kuongezwa. Asubuhi ya Ijumaa, 21 Oktoba 1966, baada ya siku za mvua, kilima hicho kiliyeyuka kama uji na kushuka. Kilifunika shule ya watoto ya Pantglas na nyumba zilizokuwa karibu. Watu 144 walikufa, na katika hao 116 walikuwa watoto. Wachimba walipandishwa kutoka shimoni waje wachimbe watoto wa kijiji chao kutoka chini ya taka ya kazi yao wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa hapakuwa na ukuta wa kujenga tena.

Baraza la uchunguzi liliweka lawama juu ya shirika la Serikali lililoendesha mashimo. Hakuna aliyeshtakiwa. Wenyeji waliomba vilima vilivyobaki viondolewe. Shirika halikutaka kubeba gharama yote, na pauni 150,000 zikachukuliwa katika sanduku la michango iliyotolewa na watu wa dunia kuwasaidia waliofiwa. Yaani waliofiwa walilipia kuondoa hatari ambayo hawakuiweka. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila faida hata senti moja kwa miaka ile yote.

Basi tusidanganyike kwamba kubadili jina la mwenye shimo kwatosha. Tajiri wa kampuni alihesabu roho za Senghenydd kwa shilingi, na shirika la Serikali halikusikia barua za Aberfan. Kinachomlinda mfanya kazi na mtoto wake ni nguvu yao wenyewe ya kusema “simamisha”, na kusikiwa siku ile ile.

Iko taka nyingine isiyorundikwa mlimani, nayo ni vumbi la kifuani. Mchimba wa miaka arobaini alipanda ngazi za nyumba yake akipumzika kila hatua. Iliwachukua wachimba wa Uingereza mpaka mwaka 1998 kupata hukumu ya korti kuu kwamba mwajiri wao alikuwa mzembe katika kuwakinga na vumbi lililowapa ugonjwa wa mapafu. Mamia ya maelfu ya madai yaliletwa, na wengi walikufa kabla ya kulipwa, maana walikuwa wazee na wagonjwa tayari.

Mwisho wenyewe ulikuja hivi. Mwezi Machi 1984 wachimba waligoma kupinga mashimo yao kufungwa. Wales ya Kusini ilishikamana kuliko karibu sehemu zote nyingine, na wanawake walipika vyakula vya pamoja ili nyumba zisivunjike. Baada ya mwaka mzima walirudi, Machi 1985, bila mapatano. Mashimo yakafungwa moja baada ya jingine. Shimo la mwisho la Rhondda, la Maerdy, lilifungwa mwaka 1990.

Shimo la Tower, si mbali na hapo, lilifungwa Aprili 1994 kwa kusemwa kwamba halina faida. Wachimba 239 walikataa neno hilo. Kila mmoja alitoa pauni 8,000 katika fedha alizolipwa kwa kuachishwa kazi, wakalinunua, na Januari 1995 wakaingia tena, safari hii wakiwa wenye mali. Waliliendesha miaka 13, mpaka makaa waliyoweza kuyafikia yakaisha Januari 2008.

Na leo? Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa tarehe 30 Septemba 2024. Lakini katika Wales vilima vya kifusi vilivyoachwa vimehesabiwa zaidi ya 2,500. Mvua kubwa ya Februari 2020 iliporomosha kimoja huko Tylorstown, katika Rhondda, mpaka mtoni; ilikuwa bahati kwamba hakufa mtu. Karibu na Merthyr Tydfil shimo kubwa la wazi lilifungwa Novemba 2023, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya kurudisha ardhi zikaonekana hazitoshi. Mabaharia hawaendi tena Cardiff kuchukua makaa. Faida ilikwisha panda meli zamani, lakini mlima haukupanda meli.

Wako wanachama watakaosema: “Nyinyi mnataka kutunyima kazi ya Mui.” Sivyo. Iwapo makaa yale yachimbwe au yasichimbwe ni shauri kubwa la nchi, na wenyeji wana haki ya kusikiwa kwanza. Watu wa Lamu walionyesha jambo hilo Juni 2019, baraza la mashauri ya mazingira lilipofuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa kwa sababu, pamoja na makosa mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisi twasema tu kwamba mahali popote watakapochimba, makaa au mchanga au mawe ya kujengea, mambo manne yaandikwe kabla ya jembe la kwanza, si baada ya jeneza la kwanza.

La kwanza, fedha za kurudisha ardhi ziwekwe mapema, za kutosha, mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa. Ahadi ni deni, lakini mdaiwa aliyehama hadaiki.

La pili, vumbi lipimwe, na kila mfanya kazi apigwe picha ya kifua siku ya kuandikwa na kila mwaka, awe wa kudumu au kibarua. Nakala iwe mikononi mwake mwenyewe. Waliokosa karatasi huko Wales walisumbuka sana kuthibitisha madai yao.

La tatu, halmashauri ya usalama iwe hai. Sheria yetu ya usalama na afya kazini ya 2007 yataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na halmashauri hiyo. Mwanachama, kwako ipo? Mlimchagua nani? Ilikutana lini?

La nne, sehemu ya wenyeji itumiwe kwa kitu kitakachoishi kuliko shimo. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya malipo ya mrabaha kwa watu wa mahali, 20 kwa kaunti na 70 kwa Serikali kuu. Asilimia 10 ikiliwa katika sherehe na magari haitabaki na jina. Ikiwa maji, shule na dawa, wajukuu watatukumbuka kama wanavyokumbukwa watu wa Tredegar.

Twaomba kila tawi liyasome mambo haya manne katika mkutano wake ujao, na katibu alete majibu ya maswali ya halmashauri ya usalama kwa maandishi. Tawi lisilo na halmashauri lisione haya kusema. Barua za Aberfan ziliandikwa na watu wachache, nazo zikawekwa ndani ya faili. Zetu ziandikwe na watu wengi, zifuatwe kwa miguu mpaka mlango wa ofisi, wala tusiondoke hapo kabla ya kupata jibu.

Umoja ni nguvu.